Mpima maziwa wa Kabazi na watoto wa mtandao wa bure

Saa kumi jioni inapita kidogo, na Rael Chemutai ana mikono miwili yenye kazi na jicho moja lililo huru. Mkono wa kushoto umeshika kikombe kidogo cha bati, wa kulia unamimina spiriti juu ya maziwa. Maziwa yakiganda, hayaingii tangini. Jicho liko nje ya dirisha, kwenye benchi lenye watoto tisa waliovaa sare za shule.

Watoto hao wameinamia simu. Simu nyingi si zao. Ni za mama, za shangazi, na moja ina kioo kilichopasuka na kushikiliwa kwa gundi ya karatasi. Wameketi wakitazama uwanja, migongo ikielekea dirisha la Chemutai, ili kila kioo cha simu kionekane kutoka mahali anapopimia.

“Weldon, hiyo ni homework?” anauliza bila kuinua sauti.

“Ni ya sayansi, auntie. Mwalimu ametuma video ya figo.”

“Figo iko na mpira wa miguu?”

Benchi lote linacheka. Mvulana anarudi kwenye figo.

Chemutai, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mpimaji katika kituo cha kukusanyia maziwa kilicho eneo la Kabazi, kaunti ya Nakuru. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Hupokea mshahara wa shilingi 14,500 kwa mwezi, na mume wake, Kipkirui, huendesha trekta katika mashamba ya ngano ya Mau Narok, akirudi nyumbani kazi inapopungua.

Kazi yake ya pili haina mshahara wala jina rasmi. Watoto humwita “auntie wa waifai.”

Mtandao huo ulifika hapo kwa sababu isiyohusiana na watoto. Wafugaji walikuwa wakilalamika kwamba hawajui malipo yao yamefikia wapi, na kamati ya kituo ikaamua kuweka mtandao wa bure ili mtu akileta maziwa aangalie hesabu yake kwenye simu papo hapo. Fundi alipanda juu ya paa, akafunga kisahani, akaondoka. Mtandao haukuwa na nywila. Mzee Kiprugut, mwenyekiti wa kamati, anasema hawakuona haja ya kufunga kitu cha kila mtu.

“Tulifikiria ni kama maji ya mfereji,” anasema mzee huyo. “Nani atakataza mtu kunywa?”

Watoto ndio waliokuja kwa wingi. Walimu wa shule za sekondari ya chini hutuma kazi ya ziada kwa simu, na katika nyumba nyingi za Kabazi bando la data hununuliwa baada ya unga na sabuni. Mtoto aliyetumwa kuleta maziwa ya jioni aligundua kwamba akikaa pale ukutani anaweza kupata kazi ya hisabati bila kumsumbua mama. Kesho yake alikuja na mwenzake.

Kwa karibu mwaka mzima Chemutai hakuwafikiria sana. “Niliwaona kama ndege kwa waya,” anasema. “Wanakaa, wanaondoka. Mimi nilikuwa naangalia maziwa.”

Kisha ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa sita mwaka jana.

Msichana aliyelijia dirisha lake siku hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya saba. Katika simulizi hii tutamwita Wamuyu, na mama yake tutamwita Waithera. Hayo si majina yao. Waithera ana ng’ombe wawili na nusu ekari ya viazi, na amewalea wanawe peke yake tangu mumewe alipofariki.

Wamuyu alikabidhi maziwa, akasubiri yapimwe, lakini hakuondoka. Alikuwa akikunja na kukunjua kona ya sweta.

“Auntie, unaeza nisaidia na fare ya kesho? Ya kuenda Subukia.”

“Mama hajui?”

“Hajui.”

“Unaenda kuona nani?”

“Rafiki yangu. Anaitwa Sue.”

“Wa shule?”

Msichana alitikisa kichwa. “Wa simu.”

Chemutai anasema hakujua kwa nini maneno hayo mawili yalimshtua. Hakuwa mtu wa simu. Yeye mwenyewe alitumia yake kupiga, kupokea pesa na kusikiliza mahubiri. Lakini msichana alikuwa hamtazami usoni, na mtoto anayekwenda kumwona rafiki, anasema, hufurahi.

Alifunga dirisha la kupokea maziwa, jambo ambalo wafugaji wawili waliokuwa foleni hawakulipenda, akamwingiza Wamuyu ndani na kumpa chai. Hakumuuliza kitu mpaka kikombe kilipofika nusu.

Sue alikuwa amemwandikia kwanza wiki tano nyuma. Alijitambulisha kuwa msichana wa miaka kumi na minne anayesoma mjini Nakuru, akasema amepata namba yake kwenye kundi la kusaidiana kazi za shule. Alijua jina la Wamuyu. Alijua shule yake. Alimtumia majibu ya hisabati, kisha bando la data, kisha maneno matamu ambayo Wamuyu hakuwa amewahi kuambiwa na mtu: kwamba ana akili, kwamba ana macho mazuri.

Sue aliomba picha. Wamuyu alituma moja, akiwa na sare, amesimama kando ya ng’ombe. Sue akaomba nyingine za aina ambayo hakuna mtoto anayestahili kuombwa. Msichana alikataa.

Hapo sauti ya Sue ilibadilika. Aliandika kwamba ile picha ya kwanza ameichezea kwa kompyuta, na sasa inaonyesha aibu. Akasema ataituma kwa kundi la darasa na kwa mwalimu wa zamu. Angeacha tu endapo Wamuyu angeenda Subukia Jumamosi, peke yake, waongee kama marafiki.

“Nilimuuliza, kwa nini hukuambia mama?” anakumbuka Chemutai. “Akaniambia, mama alisema nikiharibu hii simu nitakiona cha mtema kuni. Kwa akili yake, alikuwa ameiharibu.”

Chemutai alimpigia Waithera kupitia simu ya jirani, kwa kuwa simu ya mama ndiyo aliyokuwa nayo binti. Mama alifika akiwa bado na udongo wa viazi mikononi. Aliposikia, jambo la kwanza alilofanya ni kuinua mkono juu ya binti yake. La pili ni kumpokonya simu.

“Nilitaka kuipiga kwa mawe,” anasema Waithera, ambaye amekubali kuzungumza na gazeti hili nyumbani kwake. “Nilitaka kufuta kila kitu, kila neno la huyo mtu. Nilifikiria nikifuta itakuwa ni kama haikutokea.”

Chemutai aliichukua simu na kuitia mfukoni mwa aproni yake. Hakuwa na sababu ya kitaalamu ya kufanya hivyo. Anasema aliogopa tu kwamba mtu aliyekasirika hafanyi kitu kimoja, hufanya vitatu. Wanawake hao wawili walirushiana maneno mlangoni. Mmoja wa wafugaji waliokuwa foleni aliingilia kati na kusema kwamba kwenye ukuta wa zahanati kuna namba ya kusaidia watoto, 116, na kwamba haitozwi pesa.

Waliipiga. Aliyepokea aliwaambia mambo matatu: wasifute chochote, wasimjibu mtu huyo, na waende polisi jioni hiyo hiyo. Kisha akaomba kuongea na mtoto. Wamuyu aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa na kusikiliza kwa muda mrefu. Alilia kwa mara ya kwanza pale, Chemutai anasema, na kilio hicho kilimtuliza Waithera kuliko maneno yote aliyoambiwa.

Kwenye kituo cha polisi walipokelewa na Koplo Celestine Adero wa dawati la jinsia na watoto. Aliyasoma mazungumzo yote tangu mwanzo, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: mtoto huyu hupata mtandao wapi?

“Kwa maziwa,” alijibu Waithera.

Koplo Adero alimwuliza Wamuyu kama amewahi kujaza jina lake mahali popote ili kuingia kwenye mtandao huo. Msichana akasema ndiyo, mara moja. Mtandao wa kituo ulikuwa ukiitwa Kabazi Maziwa. Siku moja kwenye orodha ya simu kukatokea mwingine juu yake, Kabazi Maziwa Bure, wenye kasi zaidi. Uliwataka wajaze jina, umri, shule na namba ya simu ili wasajiliwe. Karibu watoto wote waliokuwa ukutani siku hiyo walijaza. Mtandao huo ulionekana kwa siku chache, kisha ukatoweka.

“Mtandao wa wazi ni kama nyumba ambayo haina mlango,” Koplo Adero ameliambia gazeti hili. “Mtu anaweza kujenga ingine hapo kando, aandike jina linalofanana, na mtoto hatajua ameingia kwa nani. Hahitaji mitambo mikubwa. Simu moja inatosha.”

Jumamosi, Wamuyu alibaki nyumbani na nyanya yake. Waliokwenda Subukia ni Waithera, Chemutai na Koplo Adero, ambaye alivaa leso na sweta la kawaida na kubeba kikapu. Maafisa wengine wawili walikuwa ng’ambo ya barabara. Ilikuwa siku ya soko. Walisimama kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya wauza vitunguu.

Saa iliyopangwa ilipofika, Koplo Adero alimwambia Waithera apige namba ya Sue.

Hatua chache kutoka walipokuwa, karibu na kibanda cha chipsi, mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kaki alitoa simu mfukoni. Aliitazama, akatazama huku na huku, akaipeleka sikioni. Waithera alisikia kwenye simu yake sauti nyembamba ya msichana.

“Haloo? Umefika?”

“Mdomo ulikuwa wa huyo mwanaume,” anasema Waithera. “Nilimwona ukisonga. Na sauti ilikuwa ya mtoto.”

Koplo Adero hakungoja. Alivuka na kikapu chake, akasimama mbele ya mwanamume huyo kana kwamba anamwuliza bei, na kabla chipsi zake hazijafungwa maafisa wale wawili walikuwa wamemshika mikono.

Chemutai alikaribia na kumtazama usoni. Alimjua.

Mwezi mmoja na nusu nyuma, mtu huyo alikuwa amefika kituoni na gari dogo, akiuza chumvi ya ng’ombe na dawa za minyoo. Alikuwa mcheshi. Alikaa siku kadhaa chini ya kivuli cha paa akiwaelezea wafugaji kuhusu madini, huku simu yake ikiwa juu ya dashibodi. Alipenda chai yenye tangawizi.

“Nilimpa chai,” anasema Chemutai. Anasuuza kikombe cha kupimia, anakirudisha mahali pake. “Kila siku nilimpa chai. Na watoto walikuwa wamekaa hapo tu, unaona? Hapo.”

Mshukiwa alishtakiwa na kuachiliwa kwa dhamana. Amekana mashtaka yote, na kwa kuwa kesi ingali mahakamani gazeti hili halimtaji. Usikilizaji umeahirishwa mara mbili. Mawasiliano yaliyobaki kwenye simu ya Waithera, ambayo nusura yafutwe, ni sehemu ya ushahidi. Polisi wanasema wamezungumza na familia za watoto wengine, baadhi yao wa maeneo mengine ambako chumvi hiyo iliuzwa.

Kabazi yenyewe haikungoja mahakama. Wiki iliyofuata kamati ilikutana na kuamua kuzima mtandao. Hakuna aliyepinga. Fundi aliitwa, akachomoa waya, na ukuta wa kituo ukabaki mtupu. Wazazi wengine walipiga marufuku simu nyumbani. Baba mmoja aliwaambia wenzake kwamba watoto wa zamani walisoma kwa kibatari na wakawa watu.

Chemutai mwenyewe aliunga mkono. Alikuwa na hasira, anasema, na alitaka kitu chochote kizimwe.

Alibadilisha mawazo kwa bahati. Jioni moja baada ya kazi alipita sokoni kununua mafuta ya taa ya mama mkwe wake. Kando ya soko kuna baa inayoonyesha mechi, nayo ina mtandao kwa ajili ya wateja. Nyuma ya baa hiyo, kati ya kreti za chupa tupu na choo cha wanaume, aliwakuta watoto sita wamechuchumaa gizani. Aliwajua wote. Walikuwa watoto wa ukutani.

“Niliuliza, mnafanya nini hapa? Mmoja akaniambia, auntie, ni composition, inatakikana kesho. Walikuwa wamepewa paswadi na mlevi.”

Mlevi huyo, ilibainika, alikuwa ameitoa kwa sharti kwamba wamnunulie sigara moja moja kwa zamu.

Chemutai aliomba nafasi katika mkutano uliofuata wa kamati. Yeye ni mwajiriwa, si mwanachama, na kwa kawaida mpimaji hualikwa tu kueleza kwa nini maziwa ya fulani yamekataliwa. Mzee Kiprugut anakumbuka kwamba alisimama wima, akishika kitambaa chake.

“Akasema, tulifunga mlango tukawaacha watoto nje na fisi,” anasema mwenyekiti. “Kisha mmoja wetu akamwambia, kama unawataka warudi, utawaangalia wewe?”

Alisema ndiyo. Leo anakiri kwamba hakuwa amewaza sana alichokubali. Alikuwa tayari ana maziwa ya wafugaji zaidi ya mia mbili. Kamati ilikubali kuurudisha mtandao kwa miezi mitatu ya majaribio, na bila nyongeza ya mshahara.

Fundi aliyeitwa safari hii alikuwa Jerry Khaemba, kijana wa Kaptembwo mjini Nakuru ambaye hufunga mitandao ya majengo ya kupanga. Chemutai alimkalisha chini na kumwuliza maswali kwa saa nzima. Mengine, Khaemba anasema, hakuwahi kuulizwa na mteja yeyote.

“Wateja wangu huuliza kitu moja tu: speed ni ngapi,” anasema Khaemba. “Huyu mama aliniuliza, mtu akikaa hapo nje na gari, nitajuaje? Nikamwambia ukweli. Mashine haiwezi kukuambia kila kitu. Lazima kuwe na mtu.”

Khaemba aligawa mtandao mara mbili, mmoja wa wafugaji na mmoja wa watoto. Wa watoto ulifungwa kwa nywila na kuwekewa kichujio kinachozuia kurasa za kamari, za watu wazima na baadhi ya michezo ya kuzungumza na wageni. Huwaka saa kumi jioni na kuzimika saa kumi na mbili, wakati ambao Chemutai yuko dirishani. Khaemba pia aliwaonyesha watoto namna ya kuzuia simu isijiunge yenyewe na mtandao wowote inaoukuta njiani.

Mengine yalitoka kwa Chemutai. Benchi la ukutani liligeuzwa litazame uwanja. Nywila hubadilishwa kila Jumatatu na haiandikwi popote. Mtoto huipata dirishani, kwa mdomo, baada ya mzazi kufika mara moja na kusema amekubali. Hakuna kujaza jina, shule wala namba ya simu kwenye ukurasa wowote bila kumwonyesha kwanza. Muuzaji yeyote anayetaka kukaa kituoni huketi upande wa pili, karibu na mizani, na watoto huambiwa ni nani.

Kuna kanuni moja ambayo watoto wanaijua kwa moyo. Gazeti hili lilimwuliza Cherop, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, akaitoa bila kusita: “Mtu akikuomba picha, ama akikuambia usiambie mtu, unakuja kwa auntie na simu vile iko. Hatakuchapa. Hatakupokonya.”

Amekuja? “Mara moja,” anasema Cherop. “Ilikuwa tu mtu wa kuuza viatu. Lakini nilikuja.”

Si wote wanaoridhika. Wazazi wachache bado wanaona kwamba kituo cha maziwa kimefanywa shule. Mfugaji mmoja analalamika kwamba foleni hukwama Chemutai anapotoka nje kutazama simu ya mtoto, na maziwa hayapendi kungoja. Chemutai anakubali kwamba ni kweli. Mara mbili mwaka huu maziwa yamegandia mikononi mwake akiwa benchini, na kituo kilibeba hasara.

Vilevile hajidanganyi kuhusu kichujio. Watoto wakubwa wameshagundua namna ya kukikwepa, na Khaemba amelazimika kurudi. “Mtoto wa siku hizi ukifunga dirisha anatoboa ukuta,” anasema Chemutai. “Kwa hivyo mimi siamini mashine. Naamini benchi.”

Wamuyu alichukua muda mrefu kurudi. Shuleni habari zilikuwa zimesambaa, ingawa picha iliyotishiwa haikuonekana kamwe. Polisi hawakupata dalili kwamba iliwahi kuwepo. Kwa miezi kadhaa maziwa ya nyumbani kwao yaliletwa na mama. Waithera anasema binti yake alikuwa akishtuka hata simu ya jirani ikilia, na usiku aliomba taa isizimwe. Walienda kwa mshauri katika hospitali ya kaunti mara nne, kila safari ikimgharimu mama kibarua cha siku.

Alirudi mwezi wa pili mwaka huu, muhula ulipokolea. Alisimama mbali, kando ya mti wa mkaratusi, mtungi mkononi. Chemutai alimwona lakini hakumwita. Alipima maziwa ya mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hatimaye msichana alifika dirishani.

“Paswadi ni gani wiki hii?” aliuliza.

“Nilimwambia,” anasema Chemutai. “Akaenda akakaa katikati ya wenzake. Hawakumuuliza kitu, walisonga tu. Mimi nikarudi kwa spiriti yangu, lakini siku hiyo sijui nilipima nini.”

Sasa Wamuyu yuko gredi ya nane. Anakaa benchini siku tatu kwa wiki, na ndiye anayewaonyesha watoto wapya jinsi ya kuangalia jina la mtandao, herufi kwa herufi, kabla ya kuubonyeza. Hakutaka kuhojiwa kwa ajili ya habari hii, na hakulazimishwa. Alituma ujumbe mmoja tu kupitia mama yake: kwamba iandikwe hakuwa mjinga.

Miezi mitatu ya majaribio ilikwisha zamani, na hakuna aliyeutaja tena uamuzi wa kuzima. Kamati imenunua mabati ya kuezeka banda dogo juu ya benchi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na vituo viwili vya maziwa vya bonde la Subukia vimetuma watu kuja kuona. Mzee Kiprugut anasema wanatafuta namna ya kumwajiri msaidizi wa kupima jioni, ili mmoja abaki na maziwa na mwingine na watoto.

Chemutai ana mpango mwingine. Kuanzia Januari, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada, anataka kuwakutanisha wazazi katika ukumbi wa kanisa lililo karibu. Khaemba amekubali kuja kwa nauli tu. Koplo Adero ameahidi kufika akipata nafasi. Waithera amesema ataongea wa kwanza, kwa jina lake la kweli, mahakama ikimruhusu na binti yake akikubali.

Wazazi waliojiandikisha hadi sasa ni wanawake pekee. Wanaume wamesema watapata habari nyumbani. Chemutai anacheka anaposimulia hilo, kisha anatazama nje, ambako Weldon ameanza tena kusogeza simu yake pembeni.

Somo la kwanza, anasema, halitakuwa la waifai, nywila wala kichujio. Hayo Khaemba atayafundisha mwezi wa pili.

“Nitaanza na kelele,” anasema. “Mzazi akianza kupiga kelele, mtoto ananyamaza, anarudi kwa yule wa simu, kwa sababu huyo hapigi kelele, huyo anaongea polepole. Mimi nataka tujifunze kuongea polepole kumshinda.”

Anainuka, anagonga kioo cha dirisha kwa kidole mara moja, na simu ya Weldon inarudi ilipokuwa.